Walter Lindrum: fundi aliyebadilishiwa sheria

Waliovunja sheria wakaadhibiwa ni wengi, hawana idadi. Lakini mtu aliyeifuata sheria nukta kwa nukta, asiikiuke hata mara moja, kisha wakubwa wa mchezo wakaketi wakaibadili sheria yenyewe ili kumpunguza kasi, huyo ni adimu. Leo twamtaja mmoja wao. Ni Walter Lindrum wa Australia, bingwa wa biliadi wa dunia tangu mwaka 1933 hata alipojiuzulu mwaka 1950. Hesabu yake ya pointi 4,137 kwa zamu moja ingali imeandikwa vitabuni, na hajatokea wa kuifuta.

Wengi wetu tukisikia habari za meza yenye kitambaa cha kijani, fikira hwenda kwenye ile meza ndogo iliyojaa mitaani siku hizi, yenye matufe ya rangi na namba, ambayo vijana huizunguka kutwa kucha. Ile ni pool. Biliadi ya Kiingereza ni mchezo mwingine, mzee kuliko huo na mgumu zaidi. Meza yake ina urefu wa futi 12 na upana wa futi 6, ina vifuko sita, na juu yake hamna ila matufe matatu: jekundu moja na mengine mawili, kila mchezaji na lake la kupigia. Mchezaji hujipatia pointi kwa njia tatu. Akilipiga tufe lake likayagusa yote mawili yaliyobaki, huo huitwa mgongano, nao una pointi 2. Akilitia kifukoni tufe jekundu apata 3, na la mwenziwe 2. Na tufe lake mwenyewe likigusa jingine kisha likaangukia kifukoni, apata 3 au 2 kwa kadiri ya tufe aliloligusa. Madhali apata, aendelea kupiga. Akikosa, ampisha mwenziwe.

Msomaji mwepesi ameshaiona hatari iliyomo. Mchezo usiokuwa na mwisho wa zamu waweza kumpa fundi mmoja meza nzima, na mwenziwe asiwe na kazi ila kukaa kitini na kutazama. Hiyo ndiyo kadhia yote ya maisha ya Lindrum.

Nitangulize neno moja, maana nawajua wasomaji wangu. Kumbi za biliadi zina sifa mbaya kwetu, na si bure, kwa kuwa kamari huzifuata kama inzi na kidonda. Kamari ni haramu, iwe mezani, iwe kwenye karata, iwe kwenye mbio za farasi, na sina nia ya kuitetea. Ninalolisimulia hapa ni habari ya mkono wa binadamu na akili yake, na jinsi wanavyokaa watu kutunga sheria.

Walter Albert Lindrum alizaliwa tarehe 29 Agosti 1898 katika mji wa Kalgoorlie, Australia ya Magharibi, mji wa machimbo ya dhahabu, penye vumbi jingi na maji haba. Ukoo wake ulikuwa ukoo wa biliadi. Babu yake alikuwa bingwa huko Australia, baba yake Fred alikuwa mchezaji hodari na mwalimu wa kazi hiyo, na kaka yake, aliyeitwa Fred vilevile, alikuja kuushika ubingwa wa Australia angali kijana mbichi. Mtoto huyu angali mdogo wa miaka mitatu hivi, alikiingiza kidole chake cha shahada cha mkono wa kulia kwenye mashine ya kukamulia nguo, ncha yake ikakatika. Mkono ule haukufaa tena kushikia fimbo kwa namna aitakayo baba yake, basi akafundishwa kwa mkono wa kushoto. Hivyo yule waliyekuja kumwita mkubwa wa mafundi wote alicheza kwa mkono wa shoto, na kidole cha kulia kilichopungua kikawa cha kusimamisha daraja la kupitishia fimbo.

Fimbo yenyewe yafaa kutajwa, maana pasipo hiyo Lindrum asingekuwapo. Hapo kale watu walikuwa wakisukuma matufe kwa rungu lenye kichwa kipana, na baadaye kwa fimbo ya mti mtupu ambayo ncha yake iliteleza kila ipigwapo pembeni ya tufe. Mwanzoni mwa karne ya 19 Mfaransa mmoja mwanajeshi, jina lake Mingaud, ndiye anayepewa sifa ya kuitia ncha ile kipande cha ngozi. Ngozi ikipakwa chaki huling'ata tufe badala ya kuliteleza, na hapo ndipo mchezaji alipoweza kulizungusha tufe, kulirudisha nyuma au kulipinda njiani. Kijipande kile kisichozidi ukucha wa kidole kiliubadili mchezo wote.

Malezi ya Walter yalikuwa makali. Sisi tuliopita chuoni tutayafahamu upesi kuliko wengine. Mwalimu wetu hakutupa juzuu kabla ya kuzijua herufi, na aliyekosa alirudishwa alifu. Baba Lindrum naye alimweka mwanawe mezani saa nyingi kila siku, pigo moja lirudiwe na kurudiwa hata mkono ulijue wenyewe, bila ya kuuliza akili. Alipokuwa na umri wa miaka 13 hivi alianza kucheza mbele ya watu wa kulipa. Miaka ilivyopita, waliojua walikwisha ona kuwa mdogo amempita mkubwa. Lakini Walter hakukubali kushindania ubingwa wa Australia madhali kaka yake ndiye aliyeushika. Alimwachia. Adabu hiyo ya mdogo kwa mkubwa yamfanya mtu ampende kabla hata ya kumwona akicheza.

Kabla ya kumsafirisha Lindrum kwenda London, hatuna budi kuitazama ile London yenyewe, maana ndiko kulikokuwa na wenye kutunga sheria. Mwaka 1885 kiliundwa Uingereza chama cha biliadi ili mchezo uwe na kanuni moja, maana kabla ya hapo kila ukumbi na kila mtengeneza meza alikuwa na kauli yake. Mwaka 1908 kikazuka chama cha pili, klabu ya kusimamia biliadi, nayo ikatoa kanuni zake na bingwa wake. Pakawa na fahali wawili zizini. Mwaka 1919 wakapatana wakawa chama kimoja, na chama hicho ndicho kilichokuwa na amri juu ya biliadi katika nchi zote zilizokuwa chini ya Mwingereza.

Kazi kubwa ya vyama hivyo ilikuwa kufukuzana na mafundi. Kila fundi alipogundua pigo moja lisilokosa, alilirudia hata watazamaji wakasinzia, na kila aliporudia, chama kililipiga marufuku. Kulikuwa na pigo la kulitia tufe jekundu kwenye kifuko cha juu, likarudishwa mahali pake, likatiwa tena, na tena. Mwaka 1890 W. J. Peall alipata pointi 3,304 kwa zamu moja, nyingi katika hizo kwa njia hiyo. Mwaka 1898 pigo hilo likabanwa kwa kanuni. Mwaka 1907 akaja Tom Reece. Huyu aliyaweka matufe mawili kwenye mdomo wa kifuko, yakawa kama mtoto kitandani, akawa ayagusa kidogo kidogo bila ya kuyaondoa mahali pake. Alianza mwezi Juni, akamaliza Julai, zaidi ya majuma manne, akafikisha pointi 499,135. Mpinzani wake maskini alikuwa akija akiketi akiondoka, siku nenda siku rudi. Hesabu ile haikukubaliwa kuwa rasmi, kwa kuwa watazamaji na waandishi hawakuwapo muda wote, na pigo lenyewe likapigwa marufuku. Ndiyo sababu hesabu ya Lindrum, iliyo ndogo mara mia na zaidi kuliko hiyo, ndiyo ihesabiwayo.

Mwaka 1911 akatokea Mwaustralia mwingine, George Gray, kijana mdogo kabisa, akapata pointi 2,196 kwa zamu moja kwa kuligusa tufe jekundu na kuliangusha lake kifukoni mfululizo. Yeye alitumia matufe yaliyotengenezwa kiwandani, si ya pembe, na hapo pwani yetu yaingia katika hadithi hii. Matufe mazuri ya biliadi yalikuwa yakichongwa kwa pembe ya ndovu, na pembe laini ya Afrika Mashariki ndiyo iliyopendwa na wachongaji. Katika karne ya 19 pembe hizo ziliteremka kutoka bara mabegani mwa wapagazi, wengine wao watumwa, zikapitia Bagamoyo, Mombasa na Unguja, zikapakiwa kwenda Ulaya na Marekani. Pembe moja haitoi ila matufe machache, kwa sababu tufe lazima lichongwe katikati ya pembe ndipo uzito wake ukae sawa. Sijui kama kuna mchezo wa kiungwana uliokula ndovu wengi na mabega mengi ya watu kama huo. Matufe ya kiwandani yalipowashinda wachongaji, hapana mtu wa pwani aliyepaswa kulia. Wachezaji wa Uingereza waliyadharau kwanza, lakini kufika siku za Lindrum yalikuwa yamekwisha shika. Na lile pigo la Gray nalo baadaye likawekewa mpaka.

Basi hiyo ndiyo desturi aliyoikuta Lindrum: fundi hupata, chama hukataza.

Mwaka 1929 bingwa wa Uingereza Willie Smith alikwenda Australia kupambana naye. Walicheza mapambano matatu. La kwanza na la pili walishindana, huyu moja na huyu moja. Katikati ya la tatu msiba ukaingia. Lindrum alikuwa amemwoa msichana aitwaye Rosie Coates, naye alikuwa mahututi hospitalini, hata akafariki, ndoa yao haijapata kutimiza muda wa kutajika. Pambano likakatizwa hali Lindrum yuko mbele sana. Smith alitaka mwenziwe atangazwe mshindi, kwa kuwa ndivyo mchezo ulivyokuwa ukielekea. Lindrum naye akashikilia zawadi apewe Smith. Walibishana kila mmoja akimsukumia mwenziwe ushindi. Mambo hayo siku hizi ni nadra kuyaona viwanjani, ambako watu hung'oana meno kwa goli moja.

Mwaka huohuo wakasafiri kwenda Uingereza, Lindrum, Smith na Clark McConachy wa New Zealand, mtu mkakamavu aliyecheza kama askari aliye gwarideni. Huko walikuwako Joe Davis na Tom Newman, na hao watano ndio waliokuwa vinara wa mchezo. Lakini haikuchukua muda kabla ya kuonekana kuwa watano hao ni wanne na mmoja. Lindrum alikuwa akiwatanguliza wenziwe kwa maelfu ya pointi kabla ya mchezo kuanza, kama mkimbiaji anayempisha mwenziwe afike nusu ya njia ndipo yeye aondoke, na bado akiwashinda. Tarehe 19 Februari 1931 aliitwa kwenye kasri la Buckingham akacheza mbele ya Mfalme George wa Tano, akatunukiwa vifungo vya mikono ya shati vyenye nembo ya mfalme. Alivivaa karibu kila mara alipocheza.

Siri yake ilikuwa nini? Ilikuwa ni migongano midogo. Lindrum aliyapeleka matufe yote matatu pamoja hata ukingoni mwa meza, akayapanga yakawa karibu karibu kama shanga za tasbihi, kisha akayagusa kwa ncha ya fimbo, mguso mwepesi kama wa mtu anayejaribu kuwa chai ni moto. Kila mguso pointi 2. Matufe yalisogea inchi moja, inchi moja, yakifuata ukingo, yote yakienda mwendo mmoja. Yalipofika kwenye kifuko, mahali ambapo wengine hupotewa, aliyavusha yakapita mdomo wa shimo yakaendelea upande wa pili. Na alifanya haya upesi. Si kama wengine waliokuwa wakiinama, wakikadiria, wakiinuka. Yeye fimbo ilikwenda kama kalamu ya mwandishi aliyezoea, na mhesabu wa pointi akawa amuandama kwa sauti asipate nafasi ya kumeza mate.

Na tuseme kweli. Jambo hilo lilikuwa uzuri kwa mjuzi, na lilikuwa usingizi kwa asiyejua. Aliyeketi safu ya nyuma hakuona kitu ila mgongo wa mtu ulioinama na matufe matatu yanayoweza kufunikwa kwa kiganja. Alilipa kiingilio ili aone watu wawili wakishindana, akamwona mmoja akifanya kazi na mwingine akivuta sigara.

Tarehe 19 na 20 Januari 1932, katika ukumbi wa Thurston uliokuwa Leicester Square mjini London, Lindrum alipambana na Joe Davis. Alishika meza, hakuiachia. Jioni ikaisha, watu wakaenda kulala, kesho wakarudi, naye akaanzia pale alipoachia. Alipokosa, pointi zilikuwa zimefika 4,137, na muda alioutumia ulikuwa saa mbili na dakika 55. Watu humkumbuka Lindrum katika siku hiyo wakamsahau Davis, nami naona wamdhulumu. Mtu aliyekaa kitini muda wote huo, mkono umepoa na damu imelala, aliinuka akatia pointi 1,247 kwa zamu yake. Siku nyingine yoyote hiyo ingekuwa habari ya mjini. Siku ile ilikuwa tanbihi tu.

Baada ya hapo chama hakikuweza kukaa kimya. Ilitungwa kanuni ya kuvuka mstari. Kwenye meza ya biliadi kuna mstari uliochorwa kuikata meza kwa upana, inchi 29 kutoka ukingo wa chini. Kanuni ilisema kwamba katika kila pointi 200 mchezaji azipatazo kwa zamu moja, ni lazima tufe lake livuke mstari ule japo mara moja. Mtu asiyejua mchezo ataona ni jambo dogo. Lakini lile shada la matufe matatu ambalo fundi amelipanga kwa taabu upande mwingine wa meza, sasa yampasa alivunje kwa mkono wake mwenyewe, alipeleke tufe safari ya futi nyingi, kisha aanze kulipanga upya. Ni kama kumwambia mfumaji wa mkeka kwamba kila afumapo ukili kadha wa kadha, aufumue kidogo ndipo aendelee.

Hapo ndipo watu walipogawanyika, na hata leo wazee wa mchezo huu hawajapatana. Wako wasemao kanuni ile ilikuwa ya lazima, kwa kuwa mchezo ni riziki ya wengi na si mali ya fundi mmoja, na ukumbi ukiwa mtupu hata fundi mwenyewe hana wa kumwona. Hoja hiyo ina uzito. Wako nao wasemao kuwa mtu haadhibiwi kwa kujua. Mimi kwa kuwa ni mtu wa mashairi, nimelipima jambo hili kwa ratili ya nyumbani kwetu. Mizani na vina ni vifungo, wala hapana mshairi wa kweli anayelalamika, maana vifungo hivyo alivikuta, na vinamfunga yeye kama vinavyomfunga mwenziwe. Lakini lau angetokea malenga mmoja akaizidi pwani nzima kwa beti za mizani kumi na sita, kisha tukaketi sisi tulioshindwa tukasema kuanzia kesho beti ziwe na kumi na tano, sidhani kama jina la sheria lingetufaa. Wala sisemi kwamba wale wa London walikuwa na husuda. Walikuwa na hofu, na hofu nayo hutunga sheria nyingi kuliko tunavyokiri.

Lindrum hakususa. Alijifunza kuuvuka mstari. Mwaka 1933, kanuni mpya ikiwa inafanya kazi, alicheza fainali ya ubingwa wa dunia dhidi ya Joe Davis, akashinda kwa pointi 21,815 kwa 21,121. Angalia tofauti hiyo ilivyo ndogo, 694 tu. Chama kilikuwa kimefaulu kwa kiasi chake: kimewasogeza wengine karibu. Ila aliyekuwa juu akabaki juu.

Kisha akafanya jambo ambalo wakubwa wa London hawakulitarajia. Aliuchukua ubingwa akarejea nao kwao. Mwaka 1934 ukashindaniwa Melbourne, wakasafiri Davis na McConachy kumfuata, wakashindwa wote wawili. Tangu hapo hakuna aliyemfuata tena, wala yeye hakurudi kuutetea Uingereza. Miaka kumi na sita ubingwa wa dunia wa biliadi ulikaa Australia kama hirizi kifuani mwa mtu mmoja, haushindaniwi wala hautolewi. Waingereza wakawa wanashindania ubingwa wa nchi yao tu. Hapa sina budi kusema kwamba Lindrum naye alikuwa na sehemu yake ya lawama, maana ubingwa usioshindaniwa ni jina tu. Lakini na chama kilichokuwa na nguvu ya kubadili kanuni za matufe, hakikuwa na hila ya kuwakutanisha wachezaji wawili. Bahari ni pana, nauli ni ghali, na kila upande wasubiri mwenziwe aanze.

Wakati huohuo mchezo mwingine ulikuwa ukipanda. Snooker, uliozaliwa miongoni mwa maafisa wa Kiingereza huko Jubbulpore, Bara Hindi, mwaka 1875, ulikuwa mchezo wa kupitishia muda wakati wa mapumziko ya biliadi. Una matufe mengi ya rangi, na kila mtu anaona tufe linapotumbukia. Joe Davis aliiona njia upesi. Mwaka 1927 alishinda mashindano ya kwanza ya ubingwa wa dunia wa snooker, na zawadi aliyoipata ilikuwa pauni 6 na shilingi 10. Akaendelea kuushika ubingwa huo hata mwaka 1946. Watazamaji wakamfuata. Wako wasemao Lindrum ndiye aliyeiua biliadi kwa ufundi wake. Mimi naona ni kumtwika mtu mzigo usio wake. Mchezo ambao njia ya kuupendeza ni kuwapunguza mafundi wake ulikuwa mgonjwa kabla ya Lindrum kukanyaga London.

Huko kwao Lindrum hakukaa bure. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia alizunguka Australia nzima akicheza michezo ya maonyesho kukusanya fedha za wenye haja, za askari na za hospitali. Michezo hiyo inahesabiwa kwa maelfu, na fedha alizozikusanyia sadaka maishani mwake zinatajwa kuwa zaidi ya pauni 500,000. Kwa pesa za wakati ule hiyo ni mali. Alipojiuzulu mwaka 1950 alikuwa na rekodi za dunia 57 zilizoandikwa kwa jina lake. Mwaka 1951 serikali ilimpa nishani ya MBE, na mwaka 1958 ya OBE. Fimbo ziliuzwa madukani kwa jina lake, zikiwa na kibati kidogo chenye hesabu ile ya 4,137, na zingine zingali mikononi mwa wakusanyaji.

Alifariki tarehe 30 Julai 1960 huko Surfers Paradise, Queensland, alikokwenda kupumzika. Alikuwa hajatimiza miaka 62. Ukumbi wa Thurston ulikuwa umekwisha bomolewa na bomu la Wajerumani mwezi Oktoba 1940, kwa hiyo hakuna tena chumba cha kumwonyesha mtu kwamba hapa ndipo. Ubingwa alioacha ulichukuliwa na McConachy mwaka 1951, naye akakaa nao kama alivyokaa mwenziwe, miaka kumi na saba, hata mwaka 1968 Rex Williams wa Uingereza alipomfuata Auckland akamshinda, McConachy akiwa mzee wa zaidi ya miaka 70 na bado akimpa kijana kazi. Mwaka huohuo wachezaji wa kulipwa waliunda chama chao wenyewe, wakaanza kujitoa chini ya amri ya kile chama cha zamani.

Biliadi yenyewe haikufa. Ilihamia zaidi Bara Hindi, ambako Wilson Jones aliutwaa ubingwa wa dunia wa ridhaa mwaka 1958, Mhindi wa kwanza kuwa bingwa wa dunia wa mchezo wowote wa mtu mmoja mmoja. Mwaka 1992 Geet Sethi alipata pointi 1,276 kwa zamu moja, na mwaka 2007 Peter Gilchrist akapata 1,346, watu wakashangilia. Kanuni ya kuuvuka mstari nayo ingaliko, kwa sura moja au nyingine, miaka mingi baada ya mtu aliyeisababisha kutoweka.

Yeye amezikwa Melbourne. Kaburi lake limejengwa kwa umbo la meza ya biliadi, vifuko vikiwepo, na juu yake kuna fimbo na matufe matatu.